Mombasa na Nairobi: Njia ni Ile Ile

Leo twataka kuzungumza habari ya viwanja viwili vya ndege, kimoja cha Nairobi na kimoja cha Mombasa, na habari ya nchi iliyo kati yake. Mtu akiulizwa, "Toka Nairobi hata Mombasa ni mbali gani?" huenda akajibu, "Ni saa moja." Mwingine atajibu, "Ni kutwa." Na babu wa babu zetu wangalijibu, "Ni mwezi." Wote watatu wangekuwa wamesema kweli. Walakini hapana hata mmoja aliyelijibu swali lenyewe, maana waliulizwa umbali, nao wakajibu muda.

Desturi hii ya kuipima njia kwa siku na kwa saa ni ya zamani sana kwetu, wala si ya kijinga. Msafiri hahitaji kujua idadi ya maili kama anavyohitaji kujua atalala wapi na atakula nini. Lakini desturi hii ina jambo moja inalolificha, na jambo hilo ndilo tutakalolichungua katika mazungumzo yetu.

Kwanza na tupime. Fungueni ramani zenu. Kiwanja cha Nairobi kiko karibu digrii 1 na dakika 19 kusini ya ikweta, na digrii 36 na dakika 56 mashariki ya Greenwich. Kiwanja cha Mombasa kiko digrii 4 na dakika 2 kusini, na digrii 39 na dakika 36 mashariki. Toeni hesabu ndogo katika kubwa, nanyi mtaona kwamba Mombasa iko kusini zaidi kwa digrii 2 na dakika 43, na mashariki zaidi kwa digrii 2 na dakika 40. Huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111, ukienda kusini au ukienda mashariki. Basi Mombasa iko kama kilomita 301 kwa upande wa kusini, na kilomita 296 kwa upande wa mashariki.

Mtu ambaye angekwenda kusini tu, kisha akageuka na kushika mashariki, angekwenda karibu kilomita 600. Ndege haifanyi hivyo. Hukata kwa mshazari, kama mtu akatizaye shamba kutoka pembe hata pembe. Wanafunzi wanaojua hesabu ya pembetatu watazidisha kila upande kwa hesabu yake yenyewe, watajumlisha, kisha watatafuta kipeo chake cha pili. Watapata kilomita 422, ambazo ni kama maili 262. Huo ndio umbali wa viwanja hivi viwili. Ulikuwa huo kabla ya mtu yeyote kufyeka majani ya viwanja hivyo, na haukupungua hata hatua moja mpaka leo.

Sasa tutazame muda. Ndege ya siku hizi yenye injini za jeti yaweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Gawanyeni 422 kwa 800, mtapata dakika 32 tu. Mbona basi ndege hizo huchukua dakika 45, na ratiba huandika hata saa nzima? Sababu ni kwamba ndege haipati mwendo wake mkubwa tangu mwanzo. Hutambaa polepole chini mpaka mwisho wa njia yake ya kurukia, hungoja zamu, hupanda, na haijakaa sana juu ikaanza kushuka tena. Kiwanja cha Nairobi kiko juu ya bahari kwa meta 1,600 na zaidi, na kile cha Mombasa kwa meta 60 hivi. Kwa hiyo aendaye pwani hupanda kidogo na kushuka sana.

Tena, saa hiyo moja ni ya ndege, si ya msafiri. Kiwanja cha Nairobi kiko Embakasi, kilomita 15 na zaidi kutoka katikati ya mji. Kiwanja cha Mombasa hakiko kisiwani. Kiko bara, upande wa Changamwe na Port Reitz. Msafiri hana budi kutoka nyumbani mapema, kupita katika msongamano wa magari, kufika kiwanjani kabla ya wakati, kupekuliwa, kungoja, na akishatua kungoja tena mizigo yake, kisha kutafuta gari la kumfikisha mjini. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Na kweli, wanaokwenda kumpokea msafiri wa ndege hukaa chini wakimngoja muda mrefu kuliko aliokaa juu. Tukijumlisha yote twaona kuwa ile saa moja imekuwa saa nne, pengine tano. Yafaa mkumbuke jambo hili kila msikiapo mtu akisifu wepesi wa chombo: ulizeni mwendo umehesabiwa kutoka mlango upi hata mlango upi.

Basi turudi nyuma tuwatazame wale waliojibu, "Ni mwezi."

Hapo kale msafara haukwenda Nairobi, maana mji wa Nairobi haukuwapo. Palikuwa na mbuga na mto, mahali ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji ya baridi. Msafara ulitoka Mombasa ukapita Rabai, ukaingia nyika ya Taru, ukaenda Maungu na Voi, ukavuka mto wa Tsavo, ukapita Kibwezi, ukapanda mpaka Ukambani, na mwisho ukafika mpakani mwa nchi ya Wakikuyu. Wala msidhani kuwa njia hiyo iligunduliwa na wageni. Wakamba walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla ya Mzungu yeyote kuiona. Bwana Krapf, mmisionari wa Rabai, alipokwenda Kitui mwaka wa 1849, alikwenda kwa Kivoi, Mkamba aliyekuwa mfanya biashara mkubwa wa pembe. Aliondoka Rabai mwanzo wa Novemba, na tarehe 3 Desemba aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Hesabuni wenyewe: mwezi mmoja.

Kwa nini mwezi? Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, karibu ratili 70, kichwani au begani, pamoja na mkeka wake, kibuyu chake na posho yake. Mtu mwenye mzigo huo akienda maili kumi au kumi na mbili kwa siku amekwenda vema. Ziko siku za kupumzika, ziko siku za kununua chakula, ziko siku za kungoja mto upungue. Na mahali pagumu kupita pote palikuwa nyika ya Taru, ambapo miiba imesongana na maji ni ya kubahatisha. Huko Taru maji yalipatikana katika mashimo ya miamba yakingayo mvua. Mvua ikikosa, shimo hukauka, na msafara hauna la kufanya ila kwenda mbele usiku na mchana, au kurudi. Waliolegea waliachwa njiani. Mizigo ilihesabiwa na kuandikwa katika daftari, lakini wapagazi wengi waliokufa njiani hawana hata jiwe la kuonyesha walipolala.

Ndipo yakaja mambo ya reli. Waingereza walikuwa wameishika Uganda, nao waliona kwamba nchi iliyo mbali na bahari kwa mwendo wa miezi mitatu haiwezi kushikwa wala kufanyiwa biashara. Reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa mwaka wa 1896. Tarehe 30 Mei 1899 ilifika maili 327, mahali pa yale maji ya baridi. Mafundi walipachagua kwa kuwa palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kupanda milima ya Ukikuyu, nao walitaka nafasi ya kuweka vyuma, karakana na hema. Hivyo mji wa Nairobi ulizaliwa kama kituo cha kupumzikia, na baada ya miaka michache ukaunyang'anya mji mkongwe wa Mombasa cheo cha kuwa makao makuu ya serikali. Mwisho wa mwaka wa 1901 reli ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu sasa.

Angalieni kwamba reli ilikuwa na maili 327, nasi tulipata maili 262 kwa mshazari. Maili 65 zilizozidi ni za kuzunguka vilima na kutafuta mteremko ambao gari laweza kuupanda. Lakini ijapokuwa njia ilirefuka, muda ulifupika mno. Safari ya mwezi ikawa ya kutwa na kucha, na baadaye ikawa ya usiku mmoja: mtu alipanda gari la moshi jioni, akalala, akaamka asubuhi na kuiona pwani.

Je, zile siku nyingine zilikwenda wapi? Hili ndilo swali letu la leo, nasi twawaomba mlifikiri sana. Kazi ya reli ililetewa Wahindi karibu 32,000 kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 miongoni mwao walikufa, kwa homa, kwa kuhara, kwa vidonda na kwa ajali, na maelfu wengine walirudi kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa. Mwaka wa 1898 simba wawili wa Tsavo waliisimamisha kazi ya daraja kwa kuwala watu, mpaka Patterson, msimamizi wa daraja hilo, alipowapiga risasi mwezi wa Desemba. Yeye aliandika kwamba Wahindi walioliwa walikuwa 28. Lakini walikuwapo Waafrika pia walioliwa, na idadi yao haikuwekwa katika daftari yoyote. Basi abiria aliyelala usiku mmoja kitandani mwa gari alipita juu ya siku za watu wale. Siku hizo hazikupotea. Zilichukuliwa na wengine, zikalipwa mbele.

Baada ya gari la moshi ikaja ndege, ambayo wazee wetu waliiita eropleni. Mwaka wa 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege huko Nairobi, iliyochukua barua na abiria wachache. Na kiwanja kimoja cha Nairobi, ambacho hutumiwa zaidi na ndege ndogo, hata leo chaitwa Wilson. Kampuni hiyo ilikoma vita vilipokuja. Mwaka wa 1946 lilianza Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, la Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja pamoja. Ndege zake za kwanza zilikuwa ndogo, za mbao, zenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Mwendo wake ulikuwa kama maili 130 kwa saa, na mtu agawanyaye 262 kwa 130 ataona ya kuwa zilihitaji muda wa saa mbili na kidogo kutoka Nairobi hata pwani. Shirika hilo lilivunjika mwaka wa 1977, na mwaka huo huo Kenya ikaanzisha shirika lake yenyewe.

Ndege zilipokuwa kubwa zilitaka viwanja vikubwa. Kule Mombasa, kiwanja cha Port Reitz kilipanuliwa siku za Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya mambo ya vita. Siku hizi kina jina la Rais Moi. Kule Nairobi, ndege kubwa zilikuwa zikitua Eastleigh, hata ikaonekana kwamba hapatoshi, na serikali ya kikoloni ikaamua kujenga kiwanja kipya Embakasi.

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini, maana habari hii watu wengi wapitao kiwanjani hapo hawaijui. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na hali hiyo ilidumu mpaka 1960. Maelfu kwa maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini, wengi wao pasipo kuhukumiwa mbele ya hakimu. Kambi moja ilikuwa hapo Embakasi. Wafungwa wa kambi hiyo ndio waliofanyishwa kazi ya kiwanja: kuchimba, kuvunja mawe, kuchukua udongo na kusawazisha nchi, chini ya ulinzi wa askari wenye bunduki. Mtu asiyeruhusiwa kwenda hata kijijini kwake kuwaona watoto wake alikuwa akiitengeneza njia ya watu waendao Ulaya. Kiwanja kilifunguliwa mwaka wa 1958. Rais wa kwanza wa Kenya, Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alifungwa siku zile zile, alifariki mwaka wa 1978, na leo kiwanja hicho kinaitwa kwa jina lake.

Basi mwaona kwamba ile saa moja nayo ina historia yake, kama vile usiku mmoja wa gari la moshi ulivyo na historia yake. Umbali ni kilomita 422 daima. Taabu ya kuuvuka ilikuwa juu ya kichwa cha mpagazi. Kisha ikatiwa juu ya mabega ya mtandika reli. Kisha ikatiwa mikononi mwa mfungwa wa Embakasi. Msafiri wa leo huona kuwa taabu imekwisha, kwa kuwa yeye haioni. Hilo ndilo jambo tulilosema linafichwa na desturi ya kuipima njia kwa saa. Saa humwambia msafiri atafika lini, lakini hazimwambii ni nani aliyemtangulia kuilipa safari yake.

Huenda mtu akauliza, "Je, mwatuambia turudi kuchukua mizigo kichwani?" La, hasha. Mgonjwa anayehitaji daktari, barua inayongojewa, samaki asiyetaka kuoza, hao wote huushukuru mwendo wa haraka, na sisi pia twaushukuru. Mwaka wa 2017 ilifunguliwa reli mpya kutoka Mombasa hata Nairobi, yenye kilomita 472, nayo humfikisha mtu kwa muda wa saa tano hivi. Ukikumbuka hesabu yetu ya mlango hata mlango, utaona kwamba haikuachwa nyuma sana na ndege, ijapokuwa nayo vituo vyake vikubwa viko nje ya miji, Miritini na Syokimau. Na nauli ya gari lake la kawaida ni ndogo kuliko ya ndege, hata mtu wa kipato kidogo aweza kujikusanyia.

Lakini yatupasa tutazame jambo la pili pia, nalo ni habari ya watu wakaao katikati. Msafara ulipopita, kila kijiji cha njiani kilijua. Waliuza mtama, maharagwe na kuku. Walipata nguo na shanga. Mara nyingine walidhulumiwa na kuibiwa, lakini walikuwa sehemu ya safari. Gari la moshi la kwanza lilisimama stesheni nyingi, na miji kama Voi na Makindu ilikua kando ya stesheni hizo, watu wakiuza mayai, machungwa na chai madirishani. Gari jipya la haraka husimama mahali pachache, na lile lisimamalo zaidi huchukua muda mrefu zaidi. Ndege haisimami kabisa. Kwa mtu wa Taru, Nairobi na Mombasa zimekaribiana sana, lakini yeye hakukaribiana na mojawapo. Akisikia ngurumo juu, hutazama, kisha huinama tena kulitazama shimo lake la maji. Miji miwili ikivutwa pamoja, nchi iliyo kati yake yaweza kukunjwa kama nguo, na aliyemo ndani ya mkunjo haonekani.

Kwa hiyo, wenye amri ya kujenga njia wanapotuambia kwamba njia mpya itapunguza saa fulani, ni haki yetu kuuliza maswali matatu. Saa hizo zitapunguzwa kwa nani? Zitalipwa na nani? Na wale wa katikati watapata kituo, au watapata ngurumo tu? Maswali hayo si ya uadui. Ni maswali ya watu wanaojua historia ya nchi yao.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi ndogo. Katika kila nyumba yuko mzee anayekumbuka safari ya zamani, au aliyehadithiwa na baba yake: jinsi walivyotoka kijijini hata mjini, siku walizolala njiani, walikopata maji, mtu aliyewakaribisha, na nani aliyeilima barabara ile ilipolimwa mara ya kwanza, kwa mshahara au kwa nguvu. Mwulizeni kwa adabu, mwacheni aseme mpaka amalize, kisha andikeni maneno yake pamoja na jina lake, jina la mahali, na mwaka kama anaujua. Kilomita mtazikuta katika ramani siku zote, maana ardhi haisogei. Majina ya waliozitembea hayamo ramani yoyote, na mzee akifa kabla hamjamwuliza, hapatakuwa na daftari ya kuyatafutia.